Ndugu wa "have" si -me-, ni -ja-

"Amefika jana." Sentensi hii haina kasoro. Mtu wa Makunduchi ataisema, wa Wete ataisema, na mhariri wa gazeti ataipitisha. Barazani kwetu tutaikata zaidi, tuseme "kafika jana", na bado haina kasoro. Kasoro inaanza pale kijana anapoichukua kama ilivyo na kumwambia mgeni hotelini, "He has arrived yesterday." Mgeni ataelewa. Mtahini wa Kidato cha Nne hatasamehe, na mwajiri anayesoma barua ya kuomba kazi huenda akaiweka pembeni.

Nasomesha Kiingereza jioni, mjini Unguja. Wengi wanaokuja ni watu wazima: wapokezi wa hoteli, waongoza watalii, madereva, wauguzi, na kati yao wanafunzi wa sekondari wanaotafuta tuisheni mitihani inapokaribia. Jambo moja linaniuma. Kila ikizungumzwa have, vijana hawa wanaambiwa kwamba hawakukariri. Wamekariri. Waamshe usiku wa manane watakupa go, went, gone na see, saw, seen bila ya kukosa. Umbo wanalo; wanachokosa ni kujua lini umbo hilo linatakiwa na lini linakatazwa. Na hapo ndipo somo letu linapowaangusha, kwa sababu tangu skuli wanapewa mstari mmoja tu ubaoni: perfect tense ya Kiingereza ni -me- ya Kiswahili. Mstari huo ni wa kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayozaa karibu makosa yote ninayoyasahihisha.

Kiingereza kinamtaka anayesema have awe anasema kutoka leo. Tendo lenyewe linaweza kuwa la dakika tano zilizopita au la miaka arubaini iliyopita, hilo si neno. Kinachokatazwa ni kulipeleka kwenye wakati uliopita wenye jina lake. Ukitaja jana, wiki iliyopita, mwaka 1964 au saa mbili asubuhi, tendo limekwenda kukaa huko na have haina kazi tena. "I have lost my phone" ni maneno ya mtu ambaye simu yake mpaka sasa haijulikani ilipo. "I lost my phone on the boat" ni kisa cha safari. Simu pengine ilipatikana, pengine mwenyewe keshanunua nyingine.

Wetu -me- hana masharti hayo. Nimepoteza simu, nimepoteza simu jana, nimepoteza simu mwaka juzi: zote zinapita. "Nimezaliwa Wete mwaka 1975" inapita, na ndiyo maana tunasikia "I have been born in Wete" kutoka kwa watu waliosoma vizuri kabisa. Tangazo la msiba linalosema fulani "amefariki dunia jana usiku" ni Kiswahili safi, na likigeuzwa kwenye makundi ya WhatsApp linakuwa "has passed away last night". Mwingereza angechagua moja: "has passed away" bila ya tarehe, au "passed away last night".

Asili ya maumbo haya inanisaidia kuelewa. Wataalamu wa lugha wanaona kwamba -me- imetokana na kitenzi cha kale cha Kibantu chenye maana ya kumaliza. Ndugu yake -sha- anatokana na kwisha, na hilo halihitaji mtaalamu, kila mtu analiona. Kiingereza kilipita njia nyingine, njia ya kumiliki. Zamani mtu alisema maneno yenye maana ya "ninayo barua, imekwisha andikwa", kisha polepole yakabadilika mpangilio na maana yakawa "nimeandika barua". Kumaliza kunaweza kutiwa tarehe yoyote, lakini anayesema "ninacho" anasema habari ya sasa.

Hata hivyo nisikilizwe vizuri: sidai kwamba Kiingereza kina mantiki ambayo sisi hatuna. Kifaransa, Kijerumani na Kitaliano zilijenga umbo hilohilo kwa kitenzi hichohicho cha kumiliki, na leo zinalitia tarehe bila ya wasiwasi wowote. Ndiyo maana jioni Forodhani unaweza kumsikia Mjerumani akimwambia muuza Zanzibar pizza, "I have eaten here yesterday," na muuzaji akamjibu, "Yes, I have seen you." Kila mmoja amebeba sarufi ya kwao, na wanaelewana vizuri mno. Kati ya lugha hizi nne, Kiingereza ndicho kilichoshika msimamo mkali. Kijana wetu anapokosea hapa amesimama pamoja na nusu ya Ulaya, na ningependa alijue hilo kabla hajaanza kujidharau.

Msimamo huo unakwenda mbali zaidi ya tarehe. Mitaa ya Shangani, mbele ya nyumba inayooneshwa watalii, muongozaji anaweza kusema: "Freddie Mercury has lived in this house." Hakuna jana wala mwaka uliotajwa, na bado Mwingereza atahisi kitu hakijakaa sawa. Mwimbaji Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, akaondoka na wazazi wake mwaka 1964, na akafariki London mwaka 1991. Maisha yake yamefungwa. Have inataka mwenye tendo awe bado anaweza kuongeza kitu kwenye hesabu yake, na marehemu haongezi. Mwanaisimu Noam Chomsky aliwahi kulionesha jambo hili kwa jina la Einstein, mwanasayansi ambaye naye ni marehemu: "Einstein has visited Princeton" inagoma, lakini "Princeton has been visited by Einstein" inakubalika, kwa sababu mji wa Princeton upo hadi leo. Maneno ni yaleyale na ziara ni ileile, ila kinachozungumzwa kimebadilika. Kwa hiyo muongozaji wetu aseme "Freddie Mercury lived in this house", halafu akitaka have yake aipeleke kwenye nyimbo: "His songs have reached the whole world." Nyimbo hazijafa. Na mwandishi Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa hapahapa, yeye ni "has lived in England since the 1960s", kwa kuwa yuhai na hesabu yake inaendelea.

Jina la Gurnah linanipa na mfano wa habari mpya. Tarehe 7 Oktoba 2021 mtangazaji alikuwa na haki ya kufungua kwa "Abdulrazak Gurnah has won the Nobel Prize in Literature". Sentensi za baadaye, zinazoeleza nani kamtangaza na wapi, zinarudi kwenye wakati uliopita wa kawaida. Leo, ukiandika wasifu wake, ni "won the Nobel Prize in 2021". Kadhalika Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe: jioni ya tarehe 25 Disemba 2020 watu walipigiana simu kwamba "has collapsed", maana sehemu ya jengo ilikuwa imeanguka mchana wa siku ile. Katika kitabu cha wageni cha leo ni "part of it collapsed in 2020". Have hutangulia kuleta habari, kisha ikaachia nafasi. Ukisikiliza taarifa ya BBC kwa siku chache tu utalisikia hilo.

Sasa nauliza swali ambalo sikuwahi kulisikia darasani nilipokuwa mwanafunzi. Je, ndani ya Kiswahili chetu hakuna mahali panapokataa tarehe namna hii, na panapomkataa marehemu namna hii?

Papo. Jaribu kusema "hajafika jana". Ulimi unakwama. Mtoto ambaye hajaanza skuli atakusahihisha: "Hakufika jana." Hakuna aliyemfundisha sheria yoyote. Anajua kwamba -ja- ni ya mlango ulio wazi, na jana mlango wake umefungwa. "Hajafika" ni kusema hadi dakika hii hayupo, na anaweza kutokea wakati wowote. "Hakufika" ni kesi iliyokwisha. Weka Kiingereza pembeni yake: "He hasn't arrived" na "He didn't arrive". Zinakaa moja juu ya nyingine bila ya kupungua wala kuzidi.

Au tazama mambo ya ndoa. Kijana wa jirani hajaoa, na mama yake anaomba dua. Babu aliyefariki bila ya mke, yeye hakuoa. Mtu akisema "marehemu hajaoa" tutamtazama kwa mshangao, kama vile anamtarajia marehemu arudi na mahari. Huo ni mshangao uleule wa Mwingereza mbele ya nyumba ya Shangani. Kwa hiyo hisia ambayo Kiingereza kinaidai kwenye have si ngeni kwetu hata kidogo. Tumekua nayo. Tunaiweka kwenye kukanusha, wao wameieneza kwenye kukubali na kukanusha pia.

Inazidi kupendeza ukiingia kwenye neno leo. Saa nne asubuhi mwalimu mkuu anauliza habari za mwalimu mwenzake, anajibiwa "hajaja leo". Saa kumi jioni, skuli imefungwa, jibu linakuwa "hakuja leo". Siku ni moja na neno leo ni lilelile, lakini asubuhi kulikuwa na matumaini na jioni hayapo. Vitabu vya sarufi ya Kiingereza vinalitolea ukurasa mzima jambo hili: "I haven't had tea this morning" inasemwa kabla ya adhuhuri, na baada ya hapo ni "I didn't have tea this morning". Wanafunzi wanalikariri kama sheria ya ajabu kutoka ng'ambo, ilhali wanalitumia kwa ufasaha kila siku wakiwa kwenye daladala.

Na tangu? "Sijamwona tangu jana." Hapa -ja- inaikubali jana, kwa sababu tangu inaivuta mpaka sasa. Kiingereza nacho kinafungua palepale: "I haven't seen him since yesterday."

Kutokana na hayo darasani natumia kipimo kimoja. Kabla hujageuza sentensi yenye -me-, ikanushe kwanza kwa Kiswahili, halafu jisikilize umesema nini. Ukijikuta umesema haja-, tumia have. Ukijikuta umesema haku-, tumia wakati uliopita wa kawaida. "Amefika jana" inakanushwa "hakufika jana", kwa hiyo ni "he arrived yesterday". Mtu akiuliza kama mgeni yupo, "amefika" inakanushwa "hajafika", kwa hiyo ni "he has arrived". "Nimezaliwa Wete": hakuna mtu mzima atakayesema "sijazaliwa Wete", atasema "sikuzaliwa Wete", basi ni "I was born". "Freddie Mercury ameishi nyumba hii" inakanushwa "hakuishi", na kazi imekwisha. Yule -me- anazificha maana mbili ndani ya joho moja, na kukanusha kunalivua. Wanafunzi wangu wakilishika hili, makosa ya "has come yesterday" yanapungua mbele ya macho yangu, na wanapungukiwa na woga pia, kwa sababu hakimu wa sentensi sasa ni sikio lao wenyewe.

Lugha ya mtaani inasaidia zaidi kuliko ya vitabuni. "Ushakula?" "Nshakula." "Bado, sijala." Mazungumzo haya ya kila mchana ni "Have you eaten?", "I have" na "Not yet, I haven't". Umbo la -sha- nalo halipendi sana tarehe, kwa hiyo "keshafika" ni mwongozo mzuri wa "he has already arrived". Anayetoka nyumba ambayo watu wanasema keshafika na hajafika kutwa nzima, Kiunguja au Kipemba, ana msingi tayari.

"Maalim, na amelala je?" Aliuliza mpokezi mmoja wa zamu ya usiku, na swali lake ni la haki, kwa sababu hapo kipimo kinafika mwisho wake. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kuingia katika hali, na -me- inapowekwa juu yake inaonesha hali yenyewe: amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, amekasirika, nimefurahi, nimeelewa. Havizungumzii kilichotendeka, vinazungumzia mtu alivyo sasa. Simu inapigwa mapokezi, mgeni yuko chumbani usingizini, na mpokezi anajibu "He has slept." Anayesikia upande wa pili anafahamu kwamba mgeni ameshalala usingizi wake na yuko macho, basi anaomba aunganishwe, na mgeni anaamshwa. Ilitakiwa "He is asleep". Vivyo hivyo "She has worn a buibui" inamaanisha kwamba katika maisha yake amewahi kuvaa, wakati msemaji alitaka kumtambulisha bibi aliyesimama mlangoni: "She is wearing a buibui." Kwa vitenzi hivi nawataka wanafunzi waulize swali tofauti: yuko hivyo sasa hivi? Ikiwa ndiyo, have iwekwe kando na is ije mbele. "I have understood" si kosa la kutisha, ila Mwingereza kwa kawaida anasema "I understand", kwa sababu kuelewa kwake ni hali ya sasa. Sehemu hii inahitaji muda wake peke yake, siku mbili tatu za mazoezi, na isichanganywe na somo la tarehe.

Upande wa pili kuna sentensi ambazo Kiswahili hakitii -me- kabisa, na Kiingereza kinadai have kwa nguvu. "Namngoja tangu asubuhi." "Nakaa Mpendae miaka kumi." Sisi tunaliona jambo linaendelea, kwa hiyo tunalisema kwa wakati uliopo, na tunatoa "I am waiting since morning". Mfaransa na Mjerumani nao hivyohivyo. Mwingereza anataka mstari wote uhesabiwe, kutoka ulipoanzia mpaka hapa aliposimama: "I have been waiting since morning", "I have lived in Mpendae for ten years". Kipimo changu hakifiki huku moja kwa moja, kwa kuwa hakuna -me- ya kukanusha. Lakini njia ipo. Mwanafunzi anayejua "sijala tangu asubuhi" ni "I haven't eaten since morning" anaoneshwa kwamba anayengoja tangu asubuhi hiyohiyo anatumia umbo lilelile. Naziandika mbili hizo pamoja ubaoni, moja juu ya nyingine, na siongezi maelezo mengi.

Been na gone nitazipita haraka, ingawa zinasumbua hoteli nyingi. Meneja kasafiri, yuko Chake Chake, na mgeni anaambiwa "The manager has been to Pemba". Mgeni anasubiri aitiwe, maana been ni ya aliyekwenda akarudi, au amewahi kufika. Aliyeko huko bado ni "has gone to Pemba". Had nayo, watu wengi wanaidhani ni ya zamani za mbali. Siyo. Inataka tendo la pili la kutanguliwa: "nilipofika bandarini boti ilikuwa imeshaondoka", basi hapo "the boat had left".

Lipo suala la sikio ambalo walimu tunalizungumza kidogo mno. Mwingereza hatamki have. Anaimeza: I've, he's, they've. Kijana aliyeiona kila mara ubaoni ikiwa nzima anakutana na mgeni anayesema kitu kama "abin hia bifo", hajui kwamba ni "I've been here before". Na "he's gone" na "he's going" zote zina he's, moja ni has na nyingine ni is. Wenyewe Waingereza wamechanganyikiwa kiasi kwamba wengi wanaandika "should of" badala ya "should have", kwa sababu sauti ni moja. Nawakumbusha wanafunzi kwamba na sisi tunafanya hivyohivyo. Nani hapa Unguja anasema "nimeshakula" yote? Tunaimeza -me- nzima, tunabaki na nshakula, na mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu anatutazama asielewe. Kwa hiyo nasomesha have kwa kuisikiliza kabla ya kuiandika, na naomba kila anayesomesha ajaribu.

Kisha anakuja mgeni kutoka Marekani anauliza "Did you eat yet?" au "I just arrived", na mwanafunzi mwenye bidii anarudi darasani amefadhaika, kwa kuwa alifundishwa kwamba just na yet lazima zifuatane na have. Uingereza huwa hivyo mara nyingi. Marekani wakati uliopita wa kawaida unatosha, na hakuna aliyekosea. Katika mtihani aandike "Have you eaten yet?", na mbele ya mgeni azielewe zote mbili.

Nikipewa nafasi ya kupanga somo hili kwa skuli zetu, nisingeanza na jedwali la have na has. Siku ya kwanza ingekuwa ya Kiswahili kitupu: hajafika na hakufika, hajaoa na hakuoa, hajaja leo na hakuja leo, watoto wenyewe wakitoa mifano ya nyumbani kwao mpaka wakiseme kwa maneno yao wanachokijua tayari. Kiingereza kingeingia siku ya pili, kwa sentensi za kukanusha kwanza. Za kukubali zingefuata, kisha tangu, kisha vitenzi vya hali vikiwa na siku zao. Na sentensi ya kumalizia somo ningeichagua ya mtu wa Pemba anayeishi Unguja, kwa sababu ina kila kitu ndani yake: "Nina siku nyingi sijafika Wete." Ina -ja- yake, ina muda unaofika mpaka sasa, na inalazimisha uchaguzi kati ya been na gone. "I haven't been to Wete for a long time." Atakayeweza kueleza kwa nini kila neno limekaa pale lilipo, huyo nitamruhusu aende akafanye mtihani.